Yule Ng'ombe Mwekundu

Mimi kazi yangu nyasi.
Majina ya hapa nayajua kwa magoti,
kwa kusugua ukoga herufi baada ya herufi
kila masika yanapoacha kijani kwenye mapaji ya mawe.
Safu ya tatu: wawili wa homa, mmoja wa lori.
Hawa risasi haikuwaona.
Vita vilikuwa mbali, Jinja ilikuwa vitanda,
na mtu hufa vitani hata akiwa amefunikwa shuka.

Jumanne alikuja Letaru, ametoka Arua,
viatu mkononi, basi la usiku bado limemlalia usoni.
"Ondoga yuko wapi?"
Nikafungua daftari mara mbili, kwa adabu tu,
maana nilijua: kwetu hakuna Ondoga.
Wake alibaki Burma,
na msitu uliommeza haukutoa risiti.

Hakulia. Alitoa kopo la mafuta ya kupikia,
ndani yake barua,
mikunjo imechoka kama ngozi ya kiwiko.
Kiswahili cha kambini, kile cha amri na chai;
bibi yake hakukijua hata neno.
Aliilalia miezi, chini ya mto,
mpaka akapita mchuuzi wa chumvi, akamsomea:

Mimi ni mzima, hofu ni kwenu ninyi.
Mvua ya huku haina adabu.
Yule ng'ombe mwekundu msimuuze.
Nikirudi nina kazi naye.

Mzima!
Aliandika, zikapita siku tisa, akafa,
na habari ya kifo ikaipita barua njiani.
Bibi akasomewa uzima wa marehemu
wakati matanga yalishakwisha,
na ng'ombe keshageuka ada ya shule,
kaptura moja, na ubao wa kuandikia.

"Nimekuja kumwambia," akasema Letaru.
"Bibi alikufa hajamwambia.
Baba, aliyesoma kwa ng'ombe yule, alikufa hajamwambia.
Nami magoti yangu hayanipi muda."

Nikamkopesha jiwe.
Safu ya tano, mwisho, penye ua wa michongoma:
namba, na jina moja tu, Odwori.
Tangu niajiriwe sijaona mtu akimjia.
Akachuchumaa, akasema Kilugbara, maneno marefu,
mengine yalifanana na hesabu.
Kisha, labda kwa kuwa askari huripotiwa kwa lugha ya jeshi,
akarudia kwa Kiswahili:
"Babu, tulimuuza."

Akageuka, akanitazama
kana kwamba mwenye fyekeo naye ana cheo.
Nilitaka kumwambia mimi si mtu wa kujibu,
mimi kazi yangu nyasi.
Nikasema, "Haidhuru."

Lakini lori la miwa lilikuwa linapita,
na sijui neno hilo lilimfikia nani.