Biri Tatu za Nahodha

Taibu, sikia hali,
nimekuja na maswali
ya biri zilizo ghali
nahodha kaniachia.

Kilindini nikikesha,
hesabu namalizisha,
mfukoni akashusha
tatu, bila kunambia

zawekwaje, wapi, lini
zavutwa; nami nyumbani
nikazifungia ndani
ya friji, zikatulia.

Mna changu, mna ndimu
na achari ya Mwatumu;
biri zanitoa hamu,
samaki zinanukia.

Tena zimeota unga:
ni maradhi au kunga?
Nizipanguse kwa kanga,
au ndizo zaishia?

Taibu akazinusa,
kwa ukucha akagusa:
"Ni koga ya juu hasa,
ifute, haijangia.

Mombasa hatuna njaa
ya unyevu; hata taa
hutoka jasho, na saa
ukutani husinzia.

Tafuta kasha la mti,
mwerezi, sio kabati
la marashi na mashati:
udi utaziingia."

"Nikinunua nyingine,
nichague ile nene?"
"Bonyeza tu, uione:
kama embe, hukwambia."

"Miaka," nikauliza,
"mingapi ya kuzilaza?"
Kacheka, akanyamaza,
kahawa akajitia.

"Moja vuta, uijue;
ya pili mwaka ikae;
ya tatu, usichague
siku: itakufikia."

Kasha lipo sebuleni.
Mwatumu yu mlangoni,
asema: "Humo frijini
achari yavuta pia!"