Chanzo cha Hitilafu

Kwenye daftari la zamu, safu ya "chanzo cha hitilafu",
waliotutangulia wameandika neno lile lile, ukurasa baada ya ukurasa:
chanzo.
Kana kwamba mtu kafa kwa sababu ya kufa.

Saa tisa usiku, Maabela, chini ya hospitali.
Nje, Agosti inazitoa jasho hata kuta.
Ndani, nyuma ya zege la mita mbili,
saiklotroni imenyamaza tena.
Nimengoja mnururisho ushuke, sasa naifungua:
bomba la shaba, ufa mwembamba kuliko ukucha,
na katodi mbili za tantalamu
zimelika kama sabuni ya msikitini.

Huko Ibra, Bi Ghaniya binti Saif hajala tangu magharibi,
si saumu, ni picha ya mapafu.
Florini yake haiwekeki akiba:
kila dakika mia na kumi, nusu inakwenda zake.

"Tia mpya, funga, washa," anasema Kuriakose.
Mpya! Mwaka huu tumetia kumi na moja.

Wiki nzima nimelala na daftari hili.
Katodi moja iliishi siku arubaini,
pacha wake, boksi moja, kiwanda kimoja,
siku nne.
Haziui uzee.
Zile za siku nne ziliwashwa asubuhi za foleni,
umeme wote kwa mkupuo, chuma bado baridi,
na mara mbili saini ni yangu,
Z. K., mkia umepinda kwa pupa.

Nilipomweleza mama alicheka hadi chetezo kikatikisika:
"Miaka yote hiyo chuoni,
mje kujua kaa halitiwi udi likiwa bado na ulimi?"
Sikumjibu. Yeye hana grafu.
Lakini grafu yangu haikusema zaidi.

Basi leo: ombwe kwanza, litulie.
Hidrojeni, tone kwa tone.
Umeme hatua moja, ngoja. Nyingine, ngoja.
Dakika arubaini, na Kuriakose anatazama saa
kama mtu aliyekopesha.
Sindano inapanda, inasita,
inapanda.

Simu. Ni mtoto wa Bi Ghaniya, wamefika Bidbid,
barabara nyeupe, anakanyaga mafuta.

"Punguza mwendo, mwanangu," namwambia.
"Sisi huku bado tunapasha."