Viti Viwili

Siku lilipotoka karakana ya Byaruhanga,
wifi yangu Kabasinguzi alilizunguka kama anayenunua mbuzi,
akainama, akauliza:
"Ndizi zitakaa wapi?"

Hazikai.
Hakuna pa kuweka mkungu, wala jerikani,
wala mwalimu wa kwaya na ngoma zake.
Viti viwili, usukani mwembamba wa mbao,
mlango mfupi hata kiwiko kinachungulia lami.
Boneti ukiigonga kwa kidole inalia kama sufuria tupu.
Lilipokwama, vijana wanne walilinyanyua matopeni
bila hata mmoja kuvua koti.

Miaka thelathini na minne nilikuwa mkunga.
Nilibeba.
Pikapu ya zahanati, wajawazito watatu nyuma,
mashuka, mizani, mama mkwe wa mtu,
kuku wa shukrani aliyefungwa miguu.
Kila kona niliikata polepole
kwa ajili ya uchungu wa mwingine.

Kiinua mgongo changu, sehemu kubwa, ndicho hiki:
rangi ya chungwa lililoanza kunyauka,
umri wake mkubwa kuliko wa kifungua mimba wangu,
na tone la oili kila linapolala.
Nimelipa empaako: Araali,
kwa kuwa mngurumo wake umelizidi umbo.

Alfajiri, ukungu haujaachia mashamba ya chai,
tunatoka Fort Portal, tunashika njia ya Bundibugyo.
Gia ya tatu. Kona. Gia ya pili.
Halingoji nimalize kuwaza;
nikigeuza shingo, limekwisha geuka.
Moshi wa kuni unaingia upande huu, unatokea ule.
Baridi ya Rwenzori ilinivua kilemba mara moja,
sikukirudia.

Si mwendo. Malori ya kakao hunipita,
na utingo hunipungia kama anayempungia mtoto.

Karugutu nilisimama kununua karanga.
Kijana mwenye sare ya shule alitazama mbele,
akatazama nyuma, akatazama tena nyuma.
"Bibi, nusu yake umeiacha wapi?"
Nilicheka hadi karanga zikamwagika.
Nimeiacha, mwanangu. Nimeiacha tu.

Jumapili iliyopita Kabasinguzi alifika kwangu mapema,
mikono mitupu, bila hata kikapu,
kitambaa amekikaza chini ya kidevu.
Hakutaja ndizi.
Alifungua mlango mwenyewe,
akaingia kwa kuanza na makalio,
akaniuliza kwa nini siwashi.