Kikapu Kitupu

Daktari wa Bombo hakunitisha.
Alisema tu, "Sukari bado haijaingia ndani, Fundi Mishi,
ila inachungulia dirishani.
Tembea. Nusu saa, kila siku."
Nusu saa!
Angeniambia nikaipake bahari rangi, ningeona nafuu.

Saa zangu mimi nazipima kwa futikamba:
hii ya uji,
hii ya shati la Nassoro lisilo na kifungo,
hii ya kumgeuza mama ubavu na kumkanda mgongo,
hii ya vijora kumi na tisa vya shughuli ya Makorora,
wenyewe wanavitaka Ijumaa
na kitambaa wamekileta Jumatano.
Mume wangu akacheka: "Mazoezi ya nini tena?
Si unakanyaga cherehani kutwa?"
Kweli. Miaka kumi na minne nakanyaga,
kwa mwendo ule ningefika Muheza, nikarudi, nikaenda tena,
na bado nipo palepale barazani
natazamana na ukuta wa Mama Siwema.

Basi nikafanya nifanyavyo kitambaa kisipotosha:
nikatafuta pindo.
Pindo la alfajiri, baada ya swala, kabla maji hayajachemka,
pale ninapokaa na simu
kutazama harusi za watu nisiowajua.
Nikalifumua.
Dakika ishirini na tano zikadondoka mapajani.

Lakini Ngamiani hii mwanamke hatoki bure.
Mguu wake sharti uwe na jibu:
sokoni, msibani, kliniki, kwa shangazi.
"Waenda wapi?" wataniuliza,
nami sina pa kwenda, nina kwenda tu.

Nikachukua kikapu.

Barabara ya Tatu, shikamoo mbili.
Ya Tano, harufu ya mandazi inanishika mtandio, najikaza.
Ya Saba, goti la kushoto linatoa ushahidi dhidi yangu.
Wiki ya kwanza niliishia ya Nane,
nimeegemea nguzo ya umeme kama anayesubiri mtu.
Wiki ya tatu nikaiona ya Kumi na Mbili.
Nimezaliwa humu, na sikuwahi kuzipita kwa zamu yake,
moja, mbili, tatu,
kama mtoto anayefundishwa kuhesabu.

Na kila siku, ya Kumi na Moja, napishana na mwanamke mrefu,
kidumu cha mafuta ya taa mkononi,
mwendo wa mtu aliyesahau jiko linawaka.
"Hujambo." "Sijambo." "Haya."
Basi.

Asubuhi moja kidumu kikamponyoka.
Kikadunda lami, ko, ko, ko,
mlio wa kitu kisichoonja mafuta mwaka mzima.
Tukatazamana.
Mimi nikakitazama kidumu.
Yeye akakitazama kikapu.
"Na wewe," akasema, "mwezi sasa,
mbona sijaona humo hata kitunguu?"

Tulicheka hadi muuza kahawa akasahau kufunga birika lake.

Anaitwa Perpetua Kihiyo, karani wa bandari,
watoto wanne, presha, na bosi apendaye vikao.
Sasa twaenda wawili.
Hatuongei sana, pumzi haitoshi kwa umbea na mwendo,
tumechagua mwendo, isipokuwa Jumamosi.
Kidumu bado anabeba. Kikapu bado nabeba.
Siku ile nilinunua kitunguu kimoja,
kwa heshima ya kikapu.

Sukari sijui kama imeondoka dirishani,
watapima mwezi ujao.
Vijora vya Makorora vilichelewa siku moja,
nikatukanwa kidogo, nikanywa maji.

Ila juzi nilimgeuza mama kwa mkupuo mmoja,
bila kuhema, bila kumwita Nassoro.
Akafumbua macho.
"Mishi, leo umekula nini?"
"Barabara kumi na nne, mama."
Akanyamaza, nikadhani amelala.

"Mbona hukuniletea?"