Pindo

Cherehani yangu iko kwenye baraza ya kinu cha unga, Chavakali,
kwa hiyo kila gauni ninaloshona huenda nyumbani
na vumbi jeupe la mahindi mabegani.
Wateja wamezoea. Hulikung'uta wakacheka.

Mimi ni mtu wa nguo ndefu. Niseme wazi kabla hamjaniuliza.
Tangu nilipozamishwa katika maji ya Edzava
goti langu halijaonana na jua,
na si kwa kuogopa mtu.
Asubuhi nikifunga kilemba cheupe, fundo kisogoni,
nasikia kama mlango unafungwa polepole
na ndani tumebaki wawili, mimi na Aliyeniumba.
Kanzu yangu ni sala isiyohitaji sauti.
Naivaa hata nikienda kulipa deni.

Lakini fundi huona upande wa ndani wa nguo.
Najua nani ana gauni moja la Jumapili na nani ana saba.
Naijua sketi ya Mama Truphosa, mlinzi wa mlango wa kanisa,
yule anayewapima wasichana kwa jicho
kabla hawajapanda ngazi:
mshono wa nyuma hufumuka kila mwezi,
na bitana yake ni mfuko wa unga
uliofuliwa hadi maandishi yakafa.
Sijasema. Sitasema.
Mdomo wa fundi nao una pindo.

Ijumaa, saa za kufunga, akaja Minayo,
gauni la buluu limeviringishwa kwenye gazeti.
Ametolewa kwenye kwaya. Magoti, walimwambia.
"Niongezee, dada Kageha. Vidole vinne tu."

Nikageuza ukingo. Pindo lilikwisha zamani.
Lilishushwa alipoingia darasa la saba,
likashushwa tena siku ya kumzika baba yake;
matundu ya uzi wa kale yalibaki pale
kama alama za mafuriko ukutani.
Gauni halikufupika. Mtoto ndiye aliyerefuka,
na hilo limekuwa dhambi tangu lini?

Kiganjani alikuwa na shilingi arobaini,
ambazo dukani hununua uzi na salamu.
Nikamwambia, iache. Njoo kesho jioni.

Usiku nikatandaza kanzu yangu mezani, chini ya taa ya sola,
nikaketi nayo muda mrefu kama mtu anayeuguza.
Nikamfikiria Fundi wa kwanza, kule bustanini,
na wale wawili na majani yao yaliyoshonwa vibaya.
Kukemea, aliwakemea.
Kisha akawashonea.
Sisi mlangoni tumeshika lile la kwanza,
la pili tumemwachia Yeye.

Sitara, walisema waliotuachia lugha,
ni nguo,
na ni kumfichia mwenzako aibu yake.
Hawakuona haja ya maneno mawili.

Mkasi ukala vidole vinne.

Jumapili Minayo alisimama safu ya tatu:
buluu, halafu utepe mweupe usiolingana na chochote,
akiimba sauti ya pili, juu kidogo ya ilivyotakiwa.
Nami nikapanda ngazi na kanzu yangu fupi,
vifundo vya miguu nje,
upepo wa Mung'oma ukinipitia kama umenisubiri miaka yote hiyo.
Mama Truphosa akatazama chini.
Akatazama kwa muda.
Kisha akainua macho hadi safu ya tatu, kwenye ule utepe,
akafungua kinywa,
akakifunga.

Jumatatu, kabla ya kinu kuwashwa, alikuja na ile sketi.
Mshono ni ule ule.
Hakutaja vifundo vyangu. Sikutaja bitana.
Alikaa kwenye kigoda akiwa amejifunga leso,
mikono mapajani, akitazama barabara,
na mimi nikatunga uzi, nikakanyaga.