Wiki ya Saba

Bi Shumbana, mama mkwe, alinipima tumbo kwa jicho
nikiwa nimeinama nachambua karafuu na makonyo.
Limechongoka, akasema, dume hilo.
Bi Mize wa ng'ambo ya ua akakataa katakata:
uso umemvimba, ngozi imefifia,
binti huyo, kamwibia mamake uzuri.
Wakabishana juu yangu kama mimi jamvi.

Wete, hospitali, foleni ya Jumatatu.
Nesi Raya akanipaka mafuta ya baridi,
kioo kikajaa ukungu wa kijivu,
akanyamaza.
Kisha: "Wako wawili."

Nikamuuliza, nani na nani?
"Sasa nitakwambia. Lakini mwanzo hawakuwa nani.
Wiki sita nzima kila mimba ina njia mbili,
ya kike na ya kiume, zote wazi,
kama kichochoro kisichojua kinatokea wapi.
Ya saba ndipo amri ndogo hupita, au isipite.
Njia moja hushika, ya pili hujifia kimya."

Nikarudi nyumbani na siri ya wote wawili.
Sikumpa mtu.

Mwezi wa sita Raya akanionya:
"Wa kiume ana pupa. Anakula kama anayelipwa kwa pishi,
haweki ya kesho.
Wa kike njaa ikibisha hupunguza mwendo.
Si kila mara. Mara nyingi."

Wakatoka mapema, mwezi wa nane haujesha,
mvua imeangukia majamvi,
kijiji kizima kinakimbilia kuanua karafuu
na mimi ninaanuliwa.

Binti, kilo moja na robo tatu, alilia mwenyewe.
Kaka alimzidi gramu mia mbili
lakini mapafu yake mabichi, midomo rangi ya wino;
siku kumi na moja mpira wa hewa puani.

Bi Shumbana alikuja na uji wa pilipili manga.
Alimwendea wa kiume, nilijua atamwendea,
akaanza "Simba wa..." akauona mpira,
akakaa chini, chupa ya uji mapajani.
Baadaye sana akaomba apewe yule mwingine.
Akamnusa utosi.
"Na huyu," akauliza, "nani alimfunza kujibana?"

Usiku nawafunga kifuani, kanga moja, ngozi kwa ngozi.
Taa ya wodi inazimwa.
Pumzi mbili, nyepesi,
moja inakwama kidogo, inaendelea.
Nasikiliza hadi nashindwa kujua
ipi ya nani.