Hela Ishirini

Nimeikuta chini ya bawaba ya mlango wa jikoni,
imetobolewa kwa msumari pembeni mwa taji.
Washa, nilidhani,
ya kuzuia mlango usilie usiku.
Nikaisugua kwa majivu na ndimu.
Ikatoka namba: ishirini.
Nikaigeuza, ukatoka mwaka: elfu moja mia tisa kumi na sita,
na chini ya mwaka herufi moja, T,
imesimama peke yake kama nguzo ya simu.
T ya Tabora. T ya hapa hapa.

Mwaka ule pesa ziliisha,
na safari hii hazikuwaishia maskini peke yao:
ziliiishia serikali.
Bahari imefungwa, meli haiji,
na noti za karatasi watu wanazikunja pua
(karatasi chakula cha mchwa,
na mchwa wa Unyamwezi hajui cheo cha mtu).
Basi Mjerumani akageuza karakana ya reli
kuwa wodi ya kuzalia pesa.
Maganda ya mizinga yakaokotwa, yakayeyushwa, yakakatwa duara.
Kilichoua mwezi wa tano
mwezi wa sita kikanunua chumvi.

Babu mzaa babu, Sizya, alivuta mvukuto.
Hayo nimeyapata kwa shangazi Mgole, aliyekuwa akiongeza chumvi,
kwa hiyo yapokee na maji ya kunywa.
Anasema kulikuwa na pesa ya dhahabu pia,
yenye tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake.
Sizya hakumshika tembo yule hata siku moja.
Alimsikia tu akidondoka sandukuni:
ting.
Halafu mwingine.
Ting.
Mpaka uzeeni, kijiko kikianguka, anageuka.

Kabla ya mvua za kwanza Wabelgiji wakaingia mjini.
Mshahara wa mwisho wa Sizya ulikuwa mfuko wa hizi.
Akaupeleka sokoni. Muuza karanga akaichukua moja,
akaiuma, akairudisha na mate yake.
Sizya akaenda nyumbani, akachukua nyundo.
"Kama hujui kununua," akaiambia, "jifunze kushika mlango."

Miaka zaidi ya mia imeshika.

Juzi alikuja kijana, Lubinza, katokea Kahama
na punje ya mchele ndani ya kiberiti.
"Rupia ya kweli, mama, huvuta mchele.
Ikivuta, tunagawana. Kuna tajiri yuko hotelini."
Akaiweka hela sakafuni, punje kando, upana wa kidole.
Tukachuchumaa. Tukanyamaza.
Jasho lake likadondoka karibu na punje, akalifuta upesi
asije akaharibu vipimo.
Punje ikasogea!
Kuku wangu alikuwa ameidonoa.

Alipoondoka (nauli nilimpa mimi)
nilivaa miwani nikasoma maandishi yaliyobaki,
kidole juu ya kila herufi kama mtoto wa chekechea:
H, E, L, L, E, R.
Nikayatamka polepole. Nikayatamka tena kwa haraka.
Nikakaa juu ya kinu.

Kumbe ndiyo hii.
Ndiyo hii ninayoisikia dukani tangu asubuhi,
nikiziba pancha za baiskeli hapa Isevya:
fundi, leo sina hela,
fundi, hela nitakuletea Ijumaa,
hela yenyewe iko wapi, fundi, tumbaku haijalipwa.
Taji limekwenda. Bunduki zimekwenda.
Mwenye karakana hata kaburi lake silijui.
Kimebaki kijineno, kimelowa mate yetu,
kimesahau kwao,
na kazi tuliyokipa ni kutaja kisichokuwepo mfukoni.

Nimeirudisha chini ya bawaba.
Bila hiyo mlango ulilia usiku kucha,
na majirani wana maneno.

Sasa hivi Nyanzala katoka shule, mkoba haujashuka begani:
"Mama, hela ya daftari."
Nimemwonyesha mlango.